Dawa ya Kitovu Isiingie Machoni

Mama anayetoka wadi ya uzazi, awe amejifungulia Endebess au Kitale, anaweza kurudi nyumbani na dawa ambayo nyanya zetu hawakuijua: klorheksidini ya asilimia 7.1, jeli ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga. Majirani wetu wa Bungoma walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuitumia. Ilikuja kuchukua nafasi ya majivu, mate na samadi, na ni dawa nzuri.

Shida ni tyubu yake. Inaweza kufanana na ile ya tetrasaiklini, ambayo hupakwa machoni mwa mtoto mara anapozaliwa. Shirika la Afya Duniani limewahi kutoa onyo baada ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika kuumia macho vibaya, kwa kuwa jeli ya kitovu iliwekwa machoni. Kwa hivyo soma lebo penye mwanga, kila mara, hata kama uliisoma jana. Asiyejua kusoma amwombe mhudumu wa afya ya jamii aitie alama. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kisha mkimbize mtoto hospitalini na tyubu yenyewe mkononi. Usingoje kupambazuke.

Klorheksidini hiyohiyo, ikiwa hafifu zaidi, imo katika baadhi ya dawa za kusukutua mdomo. Sukutua, tema, usimeze. Ukiitumia kwa wiki nyingi bila ushauri wa daktari wa meno, meno huingia rangi ya kahawia na chakula hupoteza ladha. Jino lililotoboka haitalitibu.

Kuhusu ngozi, msimu wa kupalilia mahindi majembe hukata miguu. Mkato mdogo uoshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Dettol ichanganywe na maji kwa kipimo cha lebo. Wengi wetu huamini kwamba inayowasha zaidi ndiyo inayoponya, kumbe inaunguza nyama changa. Jik ni ya nguo na sakafu. Jeraha lenye kina au lililoingia udongo linahitaji kituo cha afya, kwa sababu ya pepopunda. Ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha nenda ukapate chanjo, hata alama ikiwa ndogo.

Na tafadhali, dawa hizi zisihamishiwe kwenye chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.