Omu Kwanza, Besi Baadaye

Nani kati yetu hajawahi kupanda matatu ya Kondele kwenda mjini, kiti kikitetemeka kwa besi mpaka moyo nao ukafuata mdundo? Kinachotetemesha ni sabufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, ya mitetemo isiyozidi 100 hivi kwa sekunde. Gitaa la besi katika benga hushuka hadi mitetemo 41 hivi, na spika ndogo za mlangoni haziwezi kuitoa vizuri. Lakini sabufa haifanyi kazi peke yake. Huhitaji amplifaya, yaani kikuza sauti, na ni lazima viwili hivi vioane.

Kaka yangu ni utingo. Mwaka jana alipewa kazi ya kuongeza muziki garini. Amplifaya iliyokuwamo ilikuwa ya wati 400, nayo iliandikwa kwamba ukinzani usipungue omu 4. Sabufa ilikuwa moja, ya omu 4. Kaka akaleta ya pili kama hiyo, akaziunga sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Siku ya kwanza besi ilinguruma, abiria wakafurahi. Siku ya pili taa nyekundu ya amplifaya ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena. Jioni tukasikia harufu ya kuungua! Mwenye gari akamkata pesa zake za kila siku mpaka deni likaisha. Kaka alidhani ameletewa sabufa mbovu. Nami nilidhani hivyo, mpaka tulipofundishwa umeme darasani. Kumbe jibu lilikuwa kwenye daftari langu.

Mjerumani Georg Ohm alieleza mwaka wa 1827 kwamba mkondo wa umeme ni volti kugawanya kwa ukinzani. Tuseme amplifaya inatoa volti 40:

Sabufa moja, omu 4: ampia 10, wati 400.
Mbili sambamba, omu 2: ampia 20, wati 800.
Mbili kwa mfululizo, omu 8: ampia 5, wati 200.

Mwaona? Kaka aliilazimisha amplifaya kubeba mzigo maradufu. Angeziunga kwa mfululizo, besi ingepungua lakini amplifaya ingepona. Au angetafuta sabufa mbili za omu 8, aziunge sambamba, apate omu 4 barabara.

Baada ya omu, tazama wati. Namba kubwa kwenye kartoni ni ya kishindo cha mara moja tu. Linganisha wati za kudumu, zilizoandikwa RMS. Za amplifaya na za sabufa zikaribiane. Msidhani amplifaya dhaifu ni salama. Ukiizidishia sauti, mawimbi hukatwa vichwa, sauti hukwaruza, na koili ya sabufa huweza kuungua. Ukisikia mkwaruzo, punguza.

Mwisho ni waya na fyuzi. Amplifaya ya wati 500, ikipoteza sehemu moja ya tano ya umeme kwa joto, huvuta wati 625 kutoka kwa betri. Gawanya kwa volti 12, utapata ampia 52. Taa mbili za mbele za wati 55 huvuta ampia 9 tu! Kwa hiyo waya uwe mnene, na fyuzi ikae karibu na betri. Waya ukichubuka na kugusa bodi, heri iungue fyuzi kuliko gari lenye abiria.

Siku hizi kaka hashiki waya kabla ya kuniuliza, "Mdogo wangu, hapa ni omu ngapi?" Kuuliza si ujinga.

Zoezi: Amplifaya hairuhusu chini ya omu 2. Je, sabufa tatu za omu 4 zinaweza kuungwa sambamba? (Jibu: La. 4 kugawanya kwa 3 ni omu 1.33.)