Ushuru wa Bahati Nasibu Hukatwa Kwenye Zawadi, Hautumwi Kwanza

Mkazi anaweza kupokea ujumbe kwenye simu kwamba ameshinda bahati nasibu ya Marekani, ila atume pesa za ushuru kwanza ndipo alipwe. Anayeelewa jinsi ushuru huo unavyotozwa ataujua uongo huo mara moja.

Mfano halisi ni droo ya Powerball ya Novemba 7, 2022. Tikiti iliyoshinda iliuzwa Altadena, jimbo la California, na zawadi iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 2.04.

Kwanza, kiasi kinachotangazwa hulipwa kwa awamu 30 ndani ya miaka 29. Anayetaka pesa zote kwa pamoja hupata kiasi kidogo. Katika droo hiyo, kiasi hicho kilikuwa dola milioni 997.6.

Pili, kuna ushuru wa serikali ya shirikisho. Asilimia 24 hukatwa kabla mshindi hajalipwa. Anapowasilisha hesabu za mapato ya mwaka, hudaiwa salio, kwani kiwango cha juu cha ushuru huo ni asilimia 37. Kwa milioni 997.6, ushuru wote hufika takriban milioni 369, na hubaki takriban milioni 628.

Tatu, kuna ushuru wa jimbo. California haitozi ushuru zawadi za bahati nasibu yake, na Texas na Florida hazina ushuru wa mapato ya mtu binafsi. Lakini mkazi wa jiji la New York angelipa hadi asilimia 10.9 kwa jimbo na asilimia 3.876 kwa jiji. Zawadi hiyo hiyo ingempungukia kwa takriban milioni 147 zaidi.

Mshindi ambaye si raia wala mkazi wa Marekani kwa kawaida hukatwa asilimia 30.

Katika hatua zote hizi, ushuru hutoka kwenye zawadi yenyewe: sehemu hukatwa kabla ya malipo, na salio hulipwa baada ya mshindi kupokea pesa zake. Hakuna anayetakiwa kutuma ushuru ili alipwe. Isitoshe, asiyenunua tikiti hawezi kushinda.

Wakazi wanahimizwa kutotuma pesa, kutotoa nambari ya siri ya M-Pesa wala ya kitambulisho, kuhifadhi ujumbe huo na kupiga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.