Moshi Unaharibu Mapafu

Mama mupenzi, kila siku unapika na kuni, mutoto akiwa mugongoni. Macho yanatoka machozi, nawe unasema: "Ni moshi tu, tumezoea." Lakini mapafu hayazoei moshi.

Ndani ya njia ya pumuzi kuna vinywele vidogo sana, macho hayavioni. Kazi yao ni kufagia uchafu. Moshi unavilegeza, havifagii tena. Uchafu unabaki, makohozi yanajaa, vidudu vya ugonjwa vinapata pa kukaa. Kwa mutoto anayevuta moshi wa jikoni, hatari ya nimonia inakaribia kuwa mara mbili. Mutu muzima akiuvuta miaka mingi, mapafu yanaharibika na hayarudi kuwa mazima: kikohozi hakiishi, pumuzi inakatika akipanda kilima kidogo.

Sigara inafanya vilevile. Bwana yako akivuta ndani ya nyumba, wewe na watoto munavuta pamoja naye. Tena, mama mwenye mimba anayevuta moshi anaweza kuzaa mutoto wa kilo chache.

Makala yana moshi kidogo, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usilale na mbabula ndani ya nyumba hata siku moja. Jamaa nzima inaweza kufa katika usingizi.

Basi, fanya hivi:

1. Pika inje. Mvua ikinyesha, fungua mulango na dirisha.
2. Tumia kuni kavu.
3. Loweka maharagi usiku, na ufunike chungu. Yataiva mbio.
4. Wakati wa kupika, dada ao nyanya amushike mutoto mbali na moto.
5. Omba baba avute sigara inje. Kuiacha kabisa ni bora zaidi.

Mutoto akikohoa, hesabu pumuzi zake dakika 1, akiwa ametulia. Ni hatari ukipata:

– 60 ao zaidi, kama hajafika miezi 2;
– 50 ao zaidi, miezi 2 mpaka 11;
– 40 ao zaidi, mwaka 1 mpaka 5.

Tena ni hatari kama chini ya kifua kunaingia ndani akivuta pumuzi, ao anakataa kunyonya. Usingoje kesho. Umulete kwa munganga leo.

Maulizo: Kwa nini mbabula ni hatari usiku? Kwako, nani anaweza kushika mutoto wakati unapika?