Tupime Kabla ya Kuamini

Somo: Matendo 17:10-12



Wako wasemao, "Ninachoamini ni shauri langu mwenyewe." Je, ni kweli? Tutazame jambo lililotokea Uingereza.

Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka penye mtaa wa Broad Street, mjini London, kikaua watu zaidi ya 600. Wakati ule wengi, hata wakuu wa mambo ya afya, waliamini kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa yenye kunuka. Daktari John Snow alisema huletwa na maji, akaonyesha kwamba wengi waliokufa walikunywa maji ya pampu ya mtaa ule. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Kasisi msaidizi wa Kanisa la Mtakatifu Luka, Henry Whitehead, hakukubali. Lakini hakuishia kubisha. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa na nani hakunywa. Majibu yalimwonyesha kuwa Snow ndiye aliyesema kweli, naye akakubali. Tena ni yeye aliyemtambua mtoto mchanga aliyeharisha kabla ya wengine; maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa katika shimo lililovuja karibu na kisima.

Basi tunapata kanuni tatu: tuulize ushahidi, tuutafute hata ule unaotupinga, ukitushinda, tukubali.

Kwa nini tujifunge na kanuni hizi? Kwa sababu tunayoamini hayakai kichwani tu, hugeuka matendo. Mzazi aaminiye kuwa maji maangavu hayana madhara hayachemshi, na wanaoyanywa ni watoto na wageni wake. Hapo si shauri lake peke yake tena.

Waswahili husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Methali hii yatufundisha kusikiliza, lakini haituondolei kazi ya kupima.

Wengine huogopa kwamba kupima ni kukosa imani. Watu wa Beroya walilipokea neno kwa moyo, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku. Luka hawalaumu, anawasifu.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni habari gani tuliyoipokea mwezi huu bila kuuliza imetoka wapi?

2. Kama si kweli, ni nani atakayeumia?