Usaha kifuani: je, atapona?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 34, ni mchimbaji wa dhahabu Sekenke. Alikohoa na kuumwa homa wiki tatu akinunua vidonge dukani, mwisho akashindwa kuhema. Hospitali wamemwekea mrija ubavuni, umetoa usaha zaidi ya lita moja. Ndugu wanasema pafu limeoza, bora tumrudishe nyumbani. Atapona?
Dada, Shelui, Iramba

JIBU: Kwanza, msimtoe hospitali.

Pafu halijaoza. Usaha mliouona kwenye chupa umetoka kati ya pafu na ukuta wa kifua, ambako ulilibana pafu lisijae hewa. Mara nyingi huanza nimonia, kisha bakteria huvuka hadi hapo. Dawa pekee haimalizi usaha mwingi hivyo, kwa kuwa haipenyi vizuri katikati yake. Ndiyo kazi ya mrija. Usaha ukiisha pafu hutanuka, na vijana wengi hupona. Watoto hupona vizuri zaidi: baada ya miezi michache picha ya kifua huwa safi.

Kinachonitia wasiwasi ni zile wiki tatu. Usaha ukikaa huwa mzito, hujigawa vyumba vyumba, na gamba gumu hulifunika pafu. Hapo mrija hautoshi, huhitajika upasuaji wa kulibandua gamba, na huo hufanyika hospitali kubwa kama Muhimbili. Sumu ya bakteria inaweza pia kusambaa kwenye damu, na hiyo ndiyo huua. Wakati mwingine pafu hutoboka likavujisha hewa: mkiona mapovu hayakomi kwenye chupa, mwulizeni muuguzi. Chupa yenyewe ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote, hata anapokwenda chooni. Maji yale ya chupani si urembo: huzuia hewa isiingie kifuani. Mwaka 1918, katika kambi za jeshi la Marekani, wagonjwa wengi walikufa kwa kupasuliwa kifua mapema na kuachiwa wazi, hadi madaktari walipogeukia mrija usioruhusu hewa kuingia.

Jipu la ndani ya pafu ni jambo jingine. Huwapata zaidi waliopaliwa na matapishi wakiwa wamelewa au wameanguka kifafa, hasa wenye meno mabovu, na makohozi yake hunuka vibaya. Zamani, kabla ya antibiotiki, liliua karibu mtu mmoja kati ya watatu. Leo wengi hupona kwa dawa za wiki kadhaa, bila kisu.

Kwa mchimbaji nina swali langu: amepimwa kifua kikuu? Vumbi la mawe ya dhahabu hudhoofisha ulinzi wa mapafu, na usaha ukiwa wa kifua kikuu, antibiotiki za kawaida hazitamponya. Ombeni makohozi na usaha vipimwe, pamoja na VVU. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, kwa kawaida kwa miezi 6.

Homa ikishuka asiache dozi ya antibiotiki. Huenda ikafika wiki 6. Akae wima, avute pumzi ndefu mara kwa mara hata kama panauma, ale mayai na kuku wa kwenu. Sigara basi. Mgodini asirudi kabla daktari hajaona picha mpya ya kifua. Na akiwa nyumbani, homa ikirudi, akikohoa damu au akihema kwa shida, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msipitie dukani.