Somo la Sita: Kumtunza Kasuku Mzee Mwenye Maradhi

Madhumuni ya somo
Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kuzitambua dalili za mapema za ugonjwa kwa kasuku mwenye umri mkubwa, kurekebisha makazi na chakula chake, kununua dawa kwa tahadhari, kuilinda familia dhidi ya maambukizi, na kudai huduma anayostahili kwa fedha anayolipa.

1. Mfano wa kuanzia
Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili, wa kaya moja ya Kashozi, mkoani Kagera. Bibi wa kaya hiyo anaye kasuku wa kijivu aliyeachwa na marehemu mumewe. Ndege huyo amekwisha kuishi nyumbani hapo takriban miaka 40, na hadi leo humwita marehemu kwa jina kila jua linapochwa. Katika majira ya masika alianza kusinzia mchana na kuacha karanga zake. Mjukuu alitumwa kwenye duka la pembejeo za mifugo, akaeleza kuwa ndege anaumwa, akauziwa unga wa antibayotiki ya kuku wa kuchanganywa katika maji ya kunywa. Kasuku hakuipenda ladha ya maji yale, akapunguza kunywa. Siku ya tano hakuweza tena kusimama juu ya kijiti chake.

Muuzaji hakuwa na nia mbaya, wala kijana hakuwa mzembe. Hata hivyo, mambo matatu hayakufanyika: hakuna aliyempima ndege uzito, hakuna mtaalamu aliyemchunguza, na hakuna aliyeuliza swali lolote kabla ya fedha kutolewa. Somo letu lote linayahusu mambo hayo matatu.

2. Kasuku ni ndege wa umri mrefu, naye hulindwa na sheria
Kasuku wa kijivu anayetunzwa vema huweza kuishi miaka 40 hadi 60. Kwa hiyo si ajabu ndege mmoja kurithiwa na kizazi cha pili au cha tatu. Upande wa mashariki, makazi yake ya asili hufika Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mwaka 2016, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg uliamua kumweka katika Kiambatisho cha Kwanza, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwezi Januari 2017. Biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ikapigwa marufuku.

Nchini Tanzania, ndege huyu ni mnyamapori chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumkamata, kumfuga au kumfanyia biashara kunahitaji kibali. Mwenye kasuku wa kurithi asiye na hati amwone afisa wanyamapori wa halmashauri yake na kupata maelekezo. Asimwachie porini kwa hofu: ndege mzee aliyezoea kulishwa hawezi kujitafutia chakula, na anaweza kuwapelekea ndege wa mwituni maradhi. Vilevile, mkazi wa Bukoba au Missenyi asimvushe kasuku mpaka wa Mutukula kwenda kutibiwa Uganda bila vibali vya nchi zote mbili.

3. Ugonjwa uliofichika na faida ya mizani
Porini, ndege aonekanaye dhaifu huwa wa kwanza kuliwa. Kwa sababu hiyo, kasuku huuficha ugonjwa wake hadi nguvu zinapomwishia. Mwenye nyumba asemapo kuwa ndege ameugua leo, aghalabu ugonjwa ulianza wiki kadhaa zilizopita.

Manyoya huficha kukonda, lakini mizani haifichwi. Kasuku wengi wa kijivu huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Mizani ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja inatosha. Mpime ndege mzee mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala, na uandike tarehe na uzito katika daftari. Ndege wa gramu 450 akishuka hadi gramu 405, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Gramu 45 ni pungufu ya uzito wa yai moja la kuku, na jicho haliwezi kuziona. Lakini kwa mtu wa kilo 60, hasara kama hiyo ni kilo 6. Upungufu wa kiasi hicho ni sababu tosha ya kumtafuta daktari wa mifugo bila kungoja dalili nyingine.

Kila asubuhi tazama pia kinyesi juu ya karatasi safi. Kinyesi cha kasuku kina sehemu tatu: choo chenye rangi ya kijani au kahawia, mkojo mzito mweupe, na majimaji angavu. Sehemu nyeupe ikigeuka kuwa ya kijani au njano, huenda ini lina tatizo. Dalili za hatari zinazodai msaada siku hiyo hiyo ni hizi: kupumua kwa kinywa wazi, mkia kupanda na kushuka kwa kila pumzi, degedege, kuanguka kutoka kijitini, kutokwa damu, na kukaa sakafuni mwa tundu huku manyoya yamevimba.

4. Maradhi ya uzeeni na matunzo ya nyumbani
Baridi yabisi ya miguu. Ndege huhamisha uzito toka mguu mmoja hadi mwingine, au hukataa kupanda. Weka vijiti vya unene tofauti, vingine bapa, uvizungushie kitambaa cha pamba, na uvishushe karibu na sakafu. Vyombo vya chakula na maji viwe hatua moja tu kutoka anapolala.

Mtoto wa jicho. Ndege asiyeona vizuri huyajua makazi yake kwa kumbukumbu. Usibadilishe mpangilio wa tundu, na umsemeshe kabla ya kumkaribia.

Upungufu wa madini ya chokaa mwilini. Kasuku wa kijivu huathiriwa na hali hii kuliko kasuku wengi wengine, hasa anayelishwa mbegu tupu na kufungiwa ndani. Hutetemeka, huanguka, na mwishowe hupata degedege. Mwili huhitaji vitamini D ili kuitumia chokaa, nayo hutengenezwa kwa msaada wa mwanga wa jua usiopita katika kioo. Nusu saa ya jua la asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia na mtu wa kumlinda, ni tiba isiyonunuliwa.

Moyo na mishipa ya damu. Mbegu zenye mafuta mengi na maisha ya kukaa bila mazoezi husababisha mafuta kuganda katika mishipa. Ndege huchoka upesi, na pengine hufa ghafla.

Njia ya hewa. Bukoba ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini, na unyevu huleta ukungu. Mbegu za ukungu zikivutwa huweza kuota katika mapafu na vifuko vya hewa vya ndege. Safisha tundu kila siku na ukaushe matandiko. Usimweke jikoni: moshi wa kuni, dawa ya kupulizia mbu, na mvuke wa kikaango kisichogandisha chakula kilichopata moto kupita kiasi humdhuru. Mvuke huo huweza kumuua kwa dakika chache.

Ndege mgonjwa huhitaji joto. Funga chupa ya maji moto kwa taulo na kuiweka upande mmoja wa tundu, ili aweze kuisogelea au kujitenga nayo. Jiko la mkaa lisitumike kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua ndege na watu pia.

5. Chakula kipatikanacho Kagera
Alizeti na karanga, ambazo wengi huziona kuwa ndizo chakula halisi cha kasuku, zina mafuta mengi na chokaa kidogo. Tena karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa. Karanga yenye harufu ya ukungu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa isinunuliwe, hata kwa bei ya chini.

Masoko na mashamba ya Kagera yana vyakula bora zaidi: papai, karoti, boga, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo humpatia ndege kiini cha vitamini A, ndizi iliyoiva kwa kiasi kidogo, maharage yaliyochemshwa yakaiva kabisa, bila chumvi, na sukuma wiki kwa ajili ya chokaa. Mchicha ni mboga nzuri, ila una kemikali inayoizuia chokaa kufyonzwa. Usiutegemee peke yake. Kipande kidogo cha yai lililochemshwa pamoja na ganda lililosagwa kinafaa mara moja kwa wiki. Ndege aliyezoea mbegu abadilishiwe chakula polepole, kwa wiki kadhaa, huku akipimwa. Kasuku mzee huweza kukaa na njaa mbele ya chakula asichokijua.

Vyakula vya hatari vinapatikana pia majumbani mwetu. Parachichi ni sumu kwa kasuku, tunda na majani yake. Kahawa ya kutafuna, ambayo wenyeji wa Bukoba humkaribishia mgeni, huusumbua moyo wa ndege. Asipewe hata punje moja. Rubisi, chokoleti, vitunguu na senene waliokaangwa kwa chumvi navyo vizuiwe. Chakula cha kuku wa mayai hakimfai: chokaa yake ni nyingi mno kwa ndege asiyetaga, nayo huweza kuharibu figo.

6. Kabla ya kununua dawa
Mtu mzima wa kilo 60 ni mzito mara 133 kuliko kasuku wa gramu 450. Hakuna kisu kiwezacho kugawa kidonge kimoja mara 133 kwa usahihi, na hata kama kingekuwepo, mwili wa ndege hauzitumii dawa kama mwili wa binadamu. Dawa za binadamu zisitumike ila kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Dawa ya kuku ya kuchanganywa katika maji nayo ina kasoro. Kipimo chake hutegemea kiasi cha maji anachokunywa ndege, na mgonjwa hunywa kidogo. Zaidi ya hayo, oksitetrasaiklini hushikana na chokaa: anayempa ndege dawa hiyo pamoja na ganda la yai huizuia dawa kuingia mwilini. Isitoshe, antibayotiki haitibu ukungu, moyo wala baridi yabisi. Kuitumia ovyo huchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao huwadhuru watu pia.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa heshima maswali haya:
(a) Je, dawa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?
(b) Imeagizwa na daktari gani, kwa ugonjwa gani?
(c) Tarehe ya mwisho wa matumizi ni ipi, na imehifadhiwa wapi?
(d) Kipimo ni kiasi gani kwa uzito wa ndege wangu, na kwa siku ngapi?

Asiyepata majibu asinunue. Anayenunua achukue risiti na kutunza kifungashio. Dawa iliyopimwa kutoka kopo lililokwisha kufunguliwa na kutiwa katika karatasi isiyo na lebo haina ushahidi wowote pakitokea madhara.

7. Usalama wa familia
Kasuku anaweza kubeba bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, anayesababisha homa ya kasuku. Binadamu huambukizwa kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu au la manyoya. Hupata homa, maumivu ya kichwa na misuli, na kikohozi kikavu kinachoweza kugeuka nimonia. Lowesha kinyesi kwa maji kabla ya kukiondoa, funika pua na mdomo, na unawe mikono kwa sabuni. Wajawazito, wazee na wagonjwa wasisafishe tundu. Anayepata dalili hizo amweleze mhudumu wa kituo cha afya kuwa nyumbani kuna kasuku. Bila taarifa hiyo, ugonjwa huweza kudhaniwa kuwa mwingine. Matibabu ya ndege kwa kawaida huchukua siku 45 chini ya uangalizi wa daktari, nayo yasikatizwe ndege anapoonekana mchangamfu.

8. Kwenda kwa daktari na haki za mlaji
Msafirishe ndege katika sanduku lenye matundu ya hewa, lililofunikwa kwa kitambaa, hasa akipandishwa bodaboda. Chukua daftari la uzito, kinyesi cha siku hiyo, sampuli ya chakula, na dawa zote alizokwisha kupewa. Madaktari wa mifugo huandikishwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Ni haki yako kuuliza kama anayekuhudumia ameandikishwa. Uliza gharama kabla ya huduma, na uombe maelezo ya maandishi. Afisa mifugo wa kata aweza kukuelekeza aliko daktari, na daktari asiye na uzoefu wa kasuku aweza kushauriana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Bidhaa ikiwa bandia au maelezo yakiwa ya udanganyifu, peleka malalamiko pamoja na risiti TMDA, ikiwa ni dawa, au Tume ya Ushindani kwa bidhaa nyinginezo.

Upo pia wakati ambapo tiba haiongezi ila mateso. Ndege asiyeweza tena kula, kusimama wala kupumua bila taabu anastahili kupumzishwa bila maumivu na daktari. Uamuzi huo ni mzito kwa familia, na hauna aibu. Familia imwombe daktari aeleze waziwazi kinachotarajiwa kabla ya kutumia akiba yake yote.

Turudi kwa bibi wa Kashozi. Laiti daftari la uzito lingekuwapo, upungufu ungeonekana wiki kadhaa kabla ya karanga kuachwa, na fedha ya ile dawa ya unga ingelipa nauli ya kwenda kwa daktari. Hatuwezi kuahidi kwamba kasuku wake angepona. Twaweza kusema kwamba angechunguzwa angali na nguvu za kutibiwa.

Maswali ya kujipima
1. Kasuku wa gramu 480 amepungua hadi gramu 430. Je, upungufu huo umefikia sehemu moja ya kumi? Utafanya nini?
2. Taja vyakula vitatu vya nyumbani kwako ambavyo kasuku hapaswi kupewa.
3. Kwa nini dawa ya kuku katika maji ya kunywa si ya kutegemewa kwa kasuku mgonjwa?
4. Utamweleza nini mhudumu wa afya iwapo mtu wa nyumbani mwenye kasuku amepata homa na kikohozi kikavu?