Kabla ya Kuchagua Nyasi, Pimeni Maji

Klabu zetu za Unguja zikipata fedha za kukarabati kiwanja, mjadala huanzia kwenye nyasi. Nasisitiza uanzie kwenye maji. Mei 2025, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane yalihamishwa kutoka Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kuja Amaan, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu sehemu ya kuchezea. Ikiwa uwanja mkubwa vile ulishindwa, wetu wa mtaani tuuangalie zaidi.

Tutajuaje kama ardhi yetu inafaa?

Chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, lijazeni maji, yaacheni yanywee, kisha jazeni tena mpime. Yakishuka chini ya sentimita 2 kwa saa, mtahitaji mifereji. Udongo wa kichanga hunywa upesi lakini haushiki mbolea. Uchanganyeni na samadi iliyooza. Kinamo hutuamisha maji. Kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe jiwe liko juu, hivyo leteni udongo wa unene wa sentimita 20 au zaidi, la sivyo mizizi itakosa pa kwenda.

Masika hutuachia madimbwi katikati. Tumwage kifusi?

Msimwage. Kifusi hushindiliwa kikawa kigumu, maji yakazidi kutuama, na mawe yake huumiza wachezaji. Tengenezeni mwinuko: kwa kiwanja cha upana wa mita 68, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 34 hivi, na pembeni pawe na mifereji. Mchanga mtakaotumia utoke kwenye machimbo yaliyoruhusiwa, kamwe usitoke ufukweni: una chumvi, na kuuchota hubomoa pwani yetu.

Tuko karibu na bahari na nyasi zinakauka. Kwa nini?

Huenda ni chumvi. Kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, maji ya bahari hupanda wakati wa bamvua, na visima vya karibu na pwani navyo huweza kuingia chumvi. Pelekeni maji maabara kabla ya kumwagilia. Ukoka huvumilia chumvi kiasi. Paspalamu huvumilia zaidi. Hata hivyo chumvi haiondoki mpaka ioshwe kwa maji baridi yenye njia ya kutokea.

Nyasi bandia si zingemaliza taabu zote?

Zinafaa pale timu nyingi zinapogombea kiwanja kimoja, lakini huchakaa baada ya miaka 8 hadi 10. Tangu mwaka wa kwanza, wekeni akiba ya zulia jipya. Zipigwe brashi kila wiki, na chembe za mpira zirudishwe penye alama ya penalti, zinakohama haraka. Jua la mchana huzichemsha, hivyo watoto wafanye mazoezi alasiri. Na chini yake maji lazima yapite vilevile.

Tukibaki na ukoka, kazi ya kila wiki ni ipi?

Ukateni ubaki milimita 25 hadi 30, bila kupunguza zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Baada ya mechi, zibeni mashimo ya golini siku hiyohiyo. Magoli ya mazoezi yahamishwe mara kwa mara. Uwanja ukilowa, ahirisheni mazoezi, hata kama kocha atanuna: saa moja ya kukanyaga tope hugharimu wiki za kuotesha upya. Na kazi hii mpeni mtu mmoja, mumlipe kila mwezi. Fedha hiyo itengwe kabla ya kununua chochote.